Kituo cha Tatu, Kutoka Texas Hadi Oklahoma

Ligi yetu ya besiboli ya watoto ilianza Februari kwa sababu ikifika Mei hatukuwepo. Mji wetu wa Loma Seca, Texas, ulikuwa na ligi nyingine, ya watoto wa ng'ambo ya reli, nayo ilifunguliwa wiki ileile malori yetu yalipoelekea kaskazini. Mtoto wa kwetu akienda kujiandikisha kule aliulizwa swali moja tu: Julai utakuwepo? Sisi Julai tulikuwa Minnesota tumeinama kwenye viazisukari, au Michigan kwenye stroberi. Basi Don Chano Villarreal, dereva wa lori, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia mbuzi, akasema tutacheza wakati tupo.

Timu hazikupangwa kwa mtaa wala kwa shule. Zilipangwa kwa malori. Familia zilizopanda lori moja kwenda kazini ndizo zilizotoa timu moja, maana watoto hao ndio wangelala pamoja, wangekula pamoja na kurushiana mpira pamoja kila lori likisimama kutiwa maji. Kila lori lilikuwa na jina lililochorwa juu ya kioo cha mbele, na hilo ndilo jina la timu. Sisi tulikuwa Mbayuwayu, lori la Don Chano mwenyewe. Waliotusumbua sana walikuwa Mbishi, lori la Don Eusebio Longoria. Lori ndilo lililopewa jina hilo kwanza, kwa tabia ya injini yake. Wachezaji walilirithi na wakalistahili.

Uwanja tulipewa na halmashauri ya mji, nyuma ya ghala la vitunguu, kwa majaribio ya miaka miwili. Sharti lilikuwa moja: tumalize msimu. Mwaka wa kwanza hatukumaliza. Michigan kulipata joto mapema, malori mawili yakaondoka, fainali ikabaki maneno. Mwaka wa pili, 1961, mjumbe mmoja wa halmashauri, Bwana Purcell, alikuja mwenyewe akasimama kando ya uwanja na kofia yake mpya.

"Msimu usiokwisha si msimu," alimwambia Don Chano. "Nitalitazamia daftari la fainali kabla ya kikao cha Juni. Liwe na sahihi za makocha wawili, na ya refa asiyepanda lori lenu lolote. Likikosekana, pale tutaegesha magari ya ghala."

"Litafika," alisema Don Chano.

"Mwaka jana pia ulisema."

Fainali ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, Mbayuwayu na Mbishi. Malori yalikuwa yameshafungwa maturubai, yangeondoka Jumatatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, mbio ninazo, akili ndogo. Tulifika zamu ya sita, ya mwisho, Mbishi wana pointi nne, sisi tatu; pointi ni mkimbiaji kuzunguka vituo vitatu na kurudi kibao cha nyumbani. Wawili wetu walikuwa wameshatolewa. Akitolewa wa tatu, basi. Mimi nilikuwa kituo cha pili, na kwenye kigongo, zamu yake ya kupiga, alisimama Chela Olivares, msichana pekee katika ligi nzima. Aliingia kwa sababu lori letu lilipungukiwa mtu mmoja, akabaki kwa sababu alipiga kuliko sisi wote.

Mvua ile haikutoa taarifa. Radi ilipiga nyuma ya ghala, na refa, Don Tacho kinyozi, akanyanyua mikono yote miwili na kupaza sauti, "Simamisha!" Mimi nilikuwa nimeshachomoka kuelekea kituo cha tatu. Nilimsikia. Naandika hivyo wazi: nilimsikia nikiwa katikati ya njia, na sikusimama. Niliteleza kwenye tope mpaka kituo cha tatu, nikanyanyuka, nikakanyaga kibao kama chifu.

Nando Longoria, mtoto wa Don Eusebio, ndiye aliyelinda pale. "Refa kasimamisha, Lico. Rudi cha pili."

"Toa maji masikioni," nilimjibu.

Hatukuendelea kubishana, mawe ya barafu yalikuwa yanatupiga kichwani. Wote walikimbilia chini ya malori. Jumapili ilinyesha mchana kutwa, uwanja ukawa bwawa. Don Eusebio alikuja na wazo lake.

"Chano, swahiba, tulikuwa tunaongoza. Tia sahihi tumeshinda, mambo yaishe."

"Purcell alikuwepo na mwavuli wake. Kaona haijakwisha. Na Tacho hatii sahihi mchezo wa nusu."

"Basi utafanya nini, utakausha ziwa kwa taulo?"

Don Chano alifikiri, akichora kwa kidole kwenye maji ya mvua juu ya boneti. Malori yote yalipanda barabara moja mpaka njia panda moja ya Oklahoma, penye kituo cha mafuta. Pale Mbishi wangekata mashariki kwenda Michigan, sisi tungeendelea kaskazini. "Tutamalizia pale," alisema. "Jumatano saa nne asubuhi. Kila mtu atasimama pale aliposimama mvua ilipoanza. Refa tutamkuta hukohuko."

Hivyo ndivyo nilivyosafiri siku mbili nikiwa kituo cha tatu. Lori zima lilijua hivyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyelijulisha. Shangazi yangu Ramona, aliyetunza daftari la matokeo, alilifungua mara kadhaa. Wino wa zamu ya sita ulikuwa umetapakaa kama chai iliyomwagika.

"Siwezi kusoma ulikuwa wapi, Lico," alisema.

"Cha tatu, shangazi. Waulize wote."

Na wote walisema cha tatu, wakasema kwa moyo mmoja, kwa kuwa walinikuta pale walipotoa vichwa chini ya lori. Chela peke yake ndiye aliyeniangalia kidogo zaidi, akaendelea kumenya chungwa.

Jumatano saa nne tulikuwa njia panda. Mbishi hawakuwepo. Saa tano hawakuwepo. Tulipima vituo kwenye nyasi fupi kando ya shamba la ngano, vituo vyenyewe magunia ya unga yaliyokunjwa. Wanawake waligawa chapati za tortila na maharage. Saa sita Don Chano alianza kuzunguka lori. Mkuu wa shamba Minnesota alikuwa akigawa vibanda kwa mpangilio wa kufika, na waliofika mwisho mwaka jana walilala zizini.

"Nusu saa," alisema. "Zaidi ya hapo nitakuwa nawauza watu wangu."

Mwenye shamba la ngano alishuka kwenye trekta kuja kuona kundi hilo lilitaka nini kwenye nyasi zake. Mzungu mzee, mwekundu shingoni, jina lake Haskell. Don Chano alimweleza kwa Kiingereza chake cha kubomoka, akaonyesha magunia na daftari. Mzee alilitazama lile daftari muda mrefu.

"Mna wawili wametolewa?"

"Wawili."

"Nimewahi kuwa mdakaji, nyuma ya mpigaji, miaka kumi na moja," alisema, akavua glovu za kazi. "Nani ana barakoa?"

Hatukuwa na barakoa. Alisimama bila, akawa refa wetu.

Zilikuwa zimebaki dakika chache katika ile nusu saa tulipousikia mlio wa Mbishi kabla ya kuliona. Lilikuja likitoa moshi, mkanda wa feni umefungwa kwa soksi za mtu. Don Eusebio alishuka na mikono myeusi. "Usiseme neno, Chano. Hata moja. Mnazo dakika ishirini, halafu nipo barabarani, vibanda vya Michigan havinisubiri."

Watoto walikwenda kwenye nafasi zao. Nilikwenda kituo cha tatu. Nando alinikuta pale, akasimama amekunja mikono.

"Baba! Huyu alikuwa cha pili!"

Basi kukawa na soko. Watu wetu wakapiga kelele cha tatu, watu wao cha pili, shangazi Ramona akafungua daftari, na wote wawili, Don Chano na Don Eusebio, wakainamia ule wino uliotapakaa wasione kitu. Bwana Haskell alisubiri huku akitafuna ubua wa ngano.

"Mwanangu hasemi uongo," alisema Don Eusebio.

"Na wangu wote ishirini na saba wanasema uongo?"

"Wako wameona baada. Nando alikuwa pale. Chano, mimi sitii sahihi karatasi ya mtu kuniibia kituo. Nitaendesha mpaka Michigan bila sahihi, nawe mpe Purcell chochote utakachompa."

"Eusebio, ni uwanja wa watoto."

"Na mwizi ni mtoto. Haya, pandeni."

Wakaanza kupanda. Kweli walianza, mama mmoja alishampandisha mtoto wake wa mwisho, na Nando aliokota glovu yake. Don Chano hakuwaita. Alinigeukia mimi. Akafuta mikono yake mikavu kwenye suruali, akafuta tena.

Nilimtazama Chela kwenye kigongo. Kutoka kituo cha tatu, mpira wowote atakaoupiga ungeniingiza, tungelingana nao nne kwa nne. Kutoka cha pili, ningehitaji miguu na bahati. Lori zima lilikuwa linanitazama, watu ishirini na saba niliowafanya mashahidi wangu.

"Nilikuwa cha pili," nilisema.

"Sema kwa sauti," alisema Nando toka juu ya lori.

"Nilikuwa cha pili! Refa alisimamisha nikiwa njiani, nikamsikia. Umefurahi?"

Shangazi Ramona alisema, "Mungu wangu, mtoto huyu," na akachukua kalamu akaandika upya, safari hii kwa penseli. Nilitembea mpaka gunia la kituo cha pili. Hatua ishirini, na kila hatua niliisikia. Mtu wa lori letu alinizomea. Don Eusebio alishuka tena, akawapungia watu wake washuke.

"Cheza!" alisema Bwana Haskell, na sauti yake ikatoka kama ya kijana.

Mpira wa kwanza Chela aliuacha. Wa pili aliukosa, akasema neno ambalo mama yake alijifanya hakulisikia. Wa tatu aliupiga chini, mkali, ukapita katikati ya walinzi wawili mpaka kwenye nyasi ndefu. Niliondoka kabla haujapita. Nilizunguka kituo cha tatu, Nando akanipigia kelele mgongoni, na Don Chano akizungusha mkono wake, nenda, nenda, nenda. Niliona mpira ukirudi. Niliona glovu ya mdakaji wao. Niliteleza kwenye nyasi za mzee yule, na mguu wangu ukagusa kibao cha nyumbani, na glovu ikagusa goti langu. Kimoja kilitangulia.

Bwana Haskell alikuwa ameinama hadi pua ikakaribia nyasi. Akanyanyua ngumi.

"Ametolewa."

Sikubishana. Nilijua. Glovu ndiyo iliyotangulia.

Mbishi waliruka, wakamwagiana maji ya rejeta. Chela alinijia na kigongo begani. "Kutoka kituo cha tatu ungeingia kwa kutambaa, mjinga wewe. Kwa kutambaa!"

"Najua."

"Nilikuona siku ile, unajua? Nilikuwa nimesimama nikikutazama uso kwa uso."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kupiga mpira." Akafuta jasho. "Na nimepiga."

Walitia sahihi juu ya boneti ya Mbishi, ambayo ilikuwa ya moto mpaka Don Eusebio akapiga mluzi. Don Chano aliandika polepole, herufi moja moja. Bwana Haskell alitia sahihi ya tatu, kisha akaongeza chini yake kwa Kiingereza: mchezo ulimalizika, nimeuona. Hakuna aliyemwomba aongeze. Daftari liliwekwa kwenye bahasha, likakabidhiwa kwa mwanamke wa kituo cha mafuta, ambako posta ilipita kila siku saa nane. Don Eusebio alimpa Don Chano mkono, kisha akaja kwangu, nikafikiri atanichapa.

"Lico. Februari ijayo nitakutafutia nafasi kwenye lori langu."

"Yeye ni wa kwangu," alisema Don Chano.

"Wako wamemzomea."

"Watamzomea mpaka Kansas. Baadaye watachoka."

Hawakuchoka Kansas. Lakini tuliposimama kutia maji huko, Chela alikanyaga alama mbili kwenye vumbi, akanisimamisha kwenye ya kwanza na kunikimbiza hadi ya pili mara kumi na nne, akihesabu kwa sauti, mpaka Don Chano akapiga honi.

Barua ya halmashauri ilitufikia shambani katikati ya Juni. Shangazi Ramona aliisoma amesimama kati ya mistari ya viazisukari, huku sisi wengine tukinyoosha migongo. Ilikuwa na mistari sita. Kiwanja nyuma ya ghala kilikuwa cha ligi kwa miaka kumi, na walitaka kujua idadi ya timu za mwakani.

Don Chano aliiomba, akaitazama kama mtu anayesoma, akairudisha. Alichukua tena jembe lake la mpini mfupi, akainama, akapunguza miche mitatu au minne. Kisha akanyanyuka.

"Miaka kumi," alisema. "Mtu akipewa miaka kumi anaweza kuchimba mashimo ya nguzo. Tuweke uzio. Na benchi za akina mama, zenye kivuli."

"Na timu ngapi?" aliuliza shangazi. "Wanataka idadi."

Don Chano alianza kuhesabu malori kwa vidole, yale ya Loma Seca, na ya kijiji cha jirani, na lile la binamu yake ambalo lilikuwa bado halina magurudumu. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akabana jembe kwapani, akahamia mkono wa pili.