Pindo la Uzi wa Njano

Tabea fundi hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ukimsifia mshono wake, aliigeuza nguo ndani nje kwanza, atazame umeona nini ambacho yeye hakukiona. Kibanda chake pale Kaloleni kilijaa makoti ya mitumba aliyoyapamba kwa shanga na viraka vya kitenge, maana siku hizi vijana hawataki kipya; wanataka cha zamani kilichopitiwa na mkono wa fundi.

Kwa hiyo Alhamisi ile Catherine, msichana wa chuo, alipotoa mkobani gauni la bluu lenye mabega ya puto, Tabea hakushangaa. Alishangaa alipoligeuza.

"Shikamoo mama. Hii ni vintage kabisa. Nataka ulikate hapa juu ya goti, Jumamosi napiga picha."

"Marahaba," Tabea alijibu. Pindo lilikuwa pana kama kiganja, limeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa njano. Uzi wa bluu ulimwishia siku alipolishona, angali mwanafunzi wa cherehani, na mama yake akasema weka wowote, pindo nani analitazama? Lilikuwa gauni la kwanza Tabea kushona maishani, na alimshonea mama. Mama huyo, waliyemzika Nkoaranga mwaka juzi, alikuwa akimwambia kila mtu kwamba atazikwa nalo.

"Umelipata wapi?"

"Kwa Namnyaki, yule wa mitumba karibu na uwanja."

Mawazo ya Tabea yalikwenda moja kwa moja kwa Anna, mke wa kaka yake. Siku ya mazishi Tabea alikuwa amelazwa, kajifungua kwa upasuaji. Hakumwona mama jenezani. Anna ndiye aliyemwosha marehemu na kumvalisha. "Tumemvalisha vizuri, wifi," alisema kwenye simu, na tangu siku ile Tabea hakuliamini hilo "vizuri", wala simu za Anna hakuzipokea tena. Sasa alijua sababu. Kikulacho ki nguoni mwako! Mtu anayemvua maiti akauze nguo, huyo ni mtu gani?

Hata Namnyaki hakumuuliza. Catherine alipoondoka, Tabea alifunga kibanda, akaenda Nkoaranga kwa kaka yake, akakikwea kijia cha kwenye migomba huku anahema, gauni kwapani. Anna alikuwa anaanika kahawa.

"Karibu wifi! Leo umetukumbuka?"

"Sikuja kunywa chai." Tabea alilitandaza gauni juu ya kahawa. "Mlimzika mama na nguo gani?"

Alimkodolea macho, akingoja ashtuke, ameze mate, adanganye. Anna akatabasamu.

"Kumbe lilikufikia! Mbona hujafungua pindo?"

"Limenifikia? Nimelikuta kwa mtu baki!"

"Mtu baki vipi?" Tabasamu la Anna likafutika. "Wiki ile ya mwisho mama alibadili mawazo. Alisema kaburi halina macho, nizikeni na joho la kwaya. Gauni mpeni Tabea. Yeye ni mrefu, afungue pindo, litamtosha. Siku ya kugawa nguo za marehemu hukuja, wifi. Fungu lako nikalitia kwenye kiroba, nikampa Aminieli wa gari la ndizi akuletee. Ilikuwa Pasaka. Nilikupigia mara tatu."

Kiroba. Tabea alikikumbuka vizuri, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, kikakaa wiki nzima chini ya cherehani yake. Na yeye, bila kukifungua, alitangaza mbele ya wateja kwamba Anna amemtumia matambara ili amdhalilishe, kisha akamwita Namnyaki akichukue na fundo lake.

Tabea alimweleza Anna hayo yote. Ndipo Anna alipoelewa.

"Kwa hiyo ulidhani nilimvua mama?"

Tabea alikaa chini palepale. "Nisamehe, wifi," alisema. Anna alilikung'uta gauni, akalikunja, akamrudishia.

Jumamosi Catherine alifika mapema. Tabea alimsihi kwa maneno yote aliyokuwa nayo. "Chagua kitambaa chochote humu, nikushonee jingine kama hili. Bure."

"Lakini mama, hilo jingine si litakuwa jipya? Kata tu."

Gauni lilikuwa la Catherine. Alilinunua kwa haki, na aliyelitoa ni Tabea mwenyewe. Basi Tabea akapima juu ya goti, akashika mkasi, akakata mstari ulionyooka. Catherine alijigeuza mbele ya kioo, akacheka kwa furaha, akaenda zake.

Kipande cha chini kilibaki mezani. Tabea alikaa akaufumua uzi wa njano, tundu moja baada ya jingine, mpaka pindo lote likafunguka. Ndani ya mkunjo bluu ilikuwa haijapauka hata kidogo. Akasimama, akakishikiza kile kipande juu ya goti lake, akakiachia kining'inie hadi miguuni.

Gauni lingemtosha.