Mke wa Kipepeo Mkubwa

Karakana ya vipepeo wa mapambo, ndugu wawili waliachiwa na baba yao. Kaka alishika kaunta na maneno matamu; dada yake, ambaye kila mtu alimwita Sindano, alishika kazi yenyewe. Ndiye aliyewalainisha kwa mvuke vipepeo waliokauka, akawatandaza mabawa juu ya ubao na kuwabana kwa vipande vya karatasi mpaka wakae sawa.

Siku hiyo mama mmoja alitaka zawadi ya harusi ya mwanawe: yule kipepeo mkubwa kuliko wote barani, mwenye mabawa marefu ya rangi ya kutu, akiwa na mkewe katika fremu moja. Kaka akakubali papo hapo, maana mdomo wake hauna breki. Madume hushuka kunywa maji kwenye tope, na wawindaji huwanasa kwa wavu. Lakini jike, ambaye ni mdogo kidogo, hukaa huko huko kwenye vilele vya miti. Karakana ile haikuwahi kupata hata mmoja.

“Chukua dume, mpunguze mabawa kwa mkasi,” kaka alisema. “Nani atajua?”

“Mimi.”

“Wewe unakula hapa.”

“Nakula jasho langu, kaka. Sikati.”

Basi kaka akakata mwenyewe.

Mama alipokuja kuchukua mzigo wake, aligusa kioo kwa furaha. “Huyu mdogo ndiye bibi harusi?”

“Ndiye, mama,” kaka akajibu, meno yote nje.

Sindano alijua fika kwamba akisema neno, kazi hana, na hakuna kazi nyingine aliyoipenda duniani. Lakini hasira zilikwisha kumpanda. Potelea mbali! Akaifungua fremu, akasogeza taa.

“Tazama ukingo wa bawa, mama. Umekatwa. Huyu ni dume kama mwenzake. Jike hatuna.”

Mama akaondoka bila kuaga.

“Toka!” kaka akafoka. “Tuone utakula wapi!”

Sindano akakwapua ubao wa kutandazia. “Huu ni wa baba. Na baba ni wangu pia.”

Akahamia barazani kwa mama yao, mkabala na karakana, akatundika kibao juu ya mlango: VIPEPEO WAKUBWA. WANAUME TU. WAKE ZAO WAKO JUU NA HAWASHUKI.

Wapita njia wakacheka. Kaka akavuka barabara mbio, akamwamuru akitoe.

“Panda ukitoe mwenyewe,” Sindano alisema, wala hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake.