Sindano ya Primus

...na bado inalia vibaya, kelele nyembamba ya kukera masikio, si ule mngurumo wa kule mlimani Uru, Fabian amepiga magoti kwenye nyasi za kiwanja cha Shirimatunda, mkono wa kushoto umeshika mapanga ya helikopta ndogo ya rimoti yasizunguke, wa kulia uko karibu na sindano ya kabureta, ile ya kupimia mafuta, karibu tu, haugusi, na nyuma yake mama yake amekaa kwenye kigoda, ameshuka leo kutoka mlimani kwa mara ya kwanza tangu wamzike mwanawe mkubwa, Primus, kaja kuiona ile mashine ya marehemu ikiruka, "Mbona umeishusha upesi hivyo, baba?" anauliza, "Imechemka kidogo, mama, subiri," imechemka kidogo, muongo mkubwa we, inaungua hiyo, ukiirusha tena hivi hivi pistoni itagoma huko huko juu na mzigo mzima utakuja chini mbele ya macho ya mama, naye atainuka aokote vipande aviweke kwenye kitenge chake, na hilo, hapana, hilo Fabian hawezi kulitazama... Dawa anaijua, hata mkewe Gladness anaijua, na Gladness hata pikipiki hajui kuiwasha, jana kamwambia, "Si uifungue tu hiyo sindano, mume wangu, ipate mafuta?" akamfokea mpaka chai ikapoa, afungue! sindano aliyeigusa mwisho ni kaka yake, kule juu Uru, aliikaza kwa vidole vyake akasema hapo sasa, imekaa, usiiguse, na wiki ile ile ini likamlaza, hakuinuka tena, na siku ya kugawana vitu vya marehemu mjomba Valerian akagawa makoti, viatu, mundu wa migomba, helikopta ikabaki kwenye mkeka inakodolewa macho, mtu akacheka, mdoli wa mtu mzima huu nani anautaka, Fabian akaibeba kifuani kwa hasira, akaondoka bila kuaga... na tangu hapo ananunua tu, aisee, ananunua kama mgonjwa, mapanga ya mbao katoa kaweka ya kaboni, plagi mpya, beringi mpya, bomba la moshi jipya, kichwa cha injini chenye mapezi makubwa ya kupoza, kila kinachofunguka amekifungua, isipokuwa hiki kimoja, na injini inamcheka, inazidi kuchemka, maana ugonjwa hauko huko, ugonjwa ni hewa, mlimani hewa nyepesi, huku chini nzito, injini inameza hewa nyingi mafuta kidogo, anajua, anajua sana, alifundishwa na nani kama si Primus, na Primus mwenyewe wakishuka alikuwa anafanyaje... ngoja... wakishuka na pikapu ya ndizi, kabla hata ya kunyoosha miguu, Primus alikuwa analala chini, shavu karibu na bomba, macho kafumba, anasikiliza, anafungua sindano, wakipanda anakaza, wakishuka anafungua, Yesu na Maria, hakuiacha hata safari moja! ile "usiiguse" ilikuwa ya Uru, ya jioni ile, walikuwa wanarusha Uru, angesikia inavyolia hapa angemtukana kwa Kichagga mbele ya mama, we bwege unaniulia injini, na Fabian anaguna, kama kicheko, hakifiki mbali, "Unasema?" mama anauliza, "Hamna, mama," kumbe hakuna alichoachiwa hapa, si wosia, si kumbukumbu, ni mahali tu mtu alipoishia, aliacha kazi katikati kama aliyeitwa chakula, akijua atarudi, na miezi yote hii mdogo wake anamtunzia nafasi, hataki mtu aiguse, eti akirudi aikute...

"Fabian, unalia?" anauliza mama, kigoda kinalia, anainuka, na injini bado inapiga kelele ile ile, mapanga bado yameshikwa, vidole vya mkono wa kulia sasa viko juu ya sindano, vimeishika, havijaigeuza, hatarudi, anajiambia, Primus hatarudi kuigeuza, na machozi yanashuka hadi kidevuni, hayafuti, mikono yote miwili ina kazi.