Kopo la Bi Mwasiti

Kwa Bi Mwasiti hapakuwa na sahani. Mwanafunzi mgeni aliyefika kwenye banda lake, nje ya ukuta wa chuo upande wa Rusimbi, akauliza, "Mama, sahani bei gani?" alijibiwa na mwiko. Mwiko ulimwonyesha ndoo ya kunawia, kisha ukamwonyesha benchi. "Kanawe, kakae na wenzio." Basi, hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote. Asiyetaka kula na wenzake alikuwa na hiari ya kuvuka barabara kwenda kwa Jeremia, akale chipsi mayai peke yake kama mtu aliyegombana na ukoo mzima.

Huyu Bi Mwasiti ni mzaliwa wa Ujiji, mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti ya kumwita mvuvi akiwa katikati ya ziwa na mvuvi akageuka. Alianza kupika pale mwaka uleule chuo kilipofunguliwa. Vijana wanne walimjia siku ya kwanza wakiwa na hela ya kulisha wawili, wakaanza kunong'onezana nani ale na nani ajifanye ameshiba. Aliona haya kwa niaba yao, haya ya kweli, iliyomchoma masikio. Akavuta sinia lake la nyumbani, akapakua ugali wa muhogo mlima mzima, akatandika pembeni migebuka wawili, samaki wa ziwani, waliokuwa wanaelea kwenye mawese, akawafokea, "Kuleni wote! Mnanizibia moshi hapo."

Tangu siku hiyo kwake ni sinia tu. Watu watano, sita, wanazunguka ugali mmoja. Kila sinia lina mkubwa wake, yule aliyewazidi wenzake umri, na kama ilivyo nyumbani, samaki haguswi mpaka yeye amgawe. Wanamega, wanachovya mchuzi, wanabishana kuhusu mpira na mitihani, na mwisho mkubwa anagawa samaki kwa vidole vyake, minofu kwa wadogo, na yeye anabaki na kichwa. Wakati wa mbalamwezi, wavuvi wasipoingia ziwani, samaki wanageuka maharage, lakini ukubwa haugeuki.

Na malipo? Hapo kwenye ndoo ya kunawia palikuwa na kopo la maziwa ya unga, kifuniko chake kimetobolewa upenyo. Kila anayenawa anatumbukiza alicho nacho. Boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, wanatumbukiza kwa fujo. Boom likikata, wanatumbukiza kwa unyonge. Bi Mwasiti aliligeuzia kopo mgongo makusudi. Akiulizwa na wauzaji wenzake kama haibiwi, alicheka mpaka kanga ikamlegea: mwizi gani anakuja kila mchana, ananawa mikono, anasema shikamoo?

Sasa, mwaka jana, jioni moja alipokuwa anamimina kopo, katikati ya sarafu kikadondoka kifungo cha shati.

Alikigeuza kiganjani. Kidogo, cheupe, chenye uzi bado. Kwanza alikasirika, kwa sababu hasira kwake haiko mbali. Kesho yake akasimama na mwiko wake akiyakagua mashati yaliyopita mbele yake kama askari wa zamu. Halafu akaliona. Shati la bluu, limebanwa na pini kifuani, na ndani yake Leonardi, kijana wa Simbo anayesomea ualimu, mrefu, mpole, ambaye huanza kucheka kabla hajasema neno.

"Mwakeye, mama," Leonardi akamsalimu.

"Mwakeye, mwanangu," akaitika, na mwiko ukashuka wenyewe.

Maana alikuwa ameelewa. Yule mtoto hakutaka kuiba chakula. Alitaka kopo lilie. Wenzake walikuwa nyuma yake kwenye mstari wa kunawa, na mkono mtupu hauwezi kuliza kopo, kwa hiyo alikata kifungo cha shati lake mwenyewe ili asikike kama mtu. Bi Mwasiti aliingia nyuma ya banda, akakaa juu ya gunia la mkaa, akalia na kanga mdomoni. Alipomaliza akajipangusa, akakirudisha kifungo ndani ya kopo. Kikawa mkazi wa humo. Kila asubuhi kopo lilianza siku na kifungo kile, na aliyeishiwa kabisa angeweza kuligonga kwa kidole tu, nalo likalia. Hakumwambia mtu, hata binti yake Zuleha anayemsaidia kupika.

Mambo yangekwenda hivyo miaka mingi kama si uzio. Chuo kiliamua kujenga uzio mpya, na mabanda yote ya nje yakapewa notisi ya kuondoka. Ndani ya geti litajengwa jiko moja, la mpishi mmoja, atakayechaguliwa na kamati. Masharti yakasomwa kwa kipaza sauti: usafi, kila mwanafunzi na sahani yake, malipo kabla ya kula. Kamati ingepita kwa kila mpishi, ione anavyolisha.

Bi Mwasiti alilitaka lile jiko kuliko alivyowahi kutaka kitu. Angeweza kuhamia sokoni, wateja hawakosekani mtu anayejua kupika. Lakini usiku alijiuliza, hawa wa mfuko mtupu watakula wapi? Kwa Jeremia? Jeremia hata chumvi alikuwa anaichungulia kabla ya kukupa. Na tusifichane, alikuwa na majivuno yake pia. Alitaka kupita kwenye lile geti kichwa juu, mbele ya watu wote.

Ndipo akafanya kosa ambalo mtu wa Ujiji pekee ndiye angelifanya kwa moyo safi namna ile. Akaenda kwa Mzee Asumani, mkodishaji wa maturubai, viti na vyombo vya arusi, akakodi sahani za maua. Sahani zile zimelisha pilau nusu ya mji. Akazisugua zikang'aa. Masinia akayasimamisha nyuma ya banda, kopo akalifunika kwa kanga chini ya meza, na Zuleha akasimamishwa mlangoni kupokea hela kwa kila kichwa.

Kamati ikafika mchana, watu watatu. Aliyeiongoza alikuwa Mwalimu Erasto, mlezi wa wanafunzi, mtu wa Bangwe ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo, mkavu wa maneno, mwenye koti hata jua likiwaka. Wakakaa pembeni na Bi Mwasiti akaanza kupakua.

Jamani, lilikuwa jambo la kusikitisha. Samaki ambaye kwenye sinia alilala mzima akapendeza, hapa ilibidi amkate vipande vidogo ili kila sahani ipate, na kila sahani ikaonekana ya mchoyo. Ugali ukakaa katikati ya maua kama kitu kilichosahauliwa. Wanafunzi walikula wameinamisha vichwa, kila mmoja na chake, hakuna anayecheka, hakuna anayemsogezea mwenzake chochote. Banda lilikuwa kimya kama wodi ya wagonjwa. Yusta wa mwaka wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mkubwa wa sinia la karibu na mlango, alikuwa anakigeuzageuza kipande chake cha samaki asijue amgawie nani.

Na Leonardi akaja.

Alifika mpaka mlangoni. Akaitazama ndoo ya kunawia, akatafuta kopo kwa macho, hakuliona. Akamwona Zuleha na mkono wake ulionyooshwa. Hapohapo akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, "Haloo? Eeh, eeh, nakuja!" akageuka akicheka kwa sauti. Simu ile chuo kizima kilijua imekufa tangu muhula uliopita. Bi Mwasiti akamfuata kwa macho mpaka kwenye bomba la ukutani. Leonardi akainama, akanywa maji, akanywa tena, akajipangusa mdomo kama mtu aliyeshiba.

Bi Mwasiti alijiona mdogo. Alijiona mdogo kuliko siku yoyote ya maisha yake, yeye na miraba yake minne. Kumbe jiko lile alikuwa analinunua kwa njaa ya mtoto yule.

Akapiga mwiko kwenye sufuria, banda zima likaruka.

"Kusanyeni sahani!"

"Mama!" Zuleha akanong'ona. "Kamati hiyo!"

"Kamati ina macho, itaona. Zuleha, warudishie watu hela zao, halafu lete masinia. Yusta mwanangu, toa kopo chini ya meza, liweke mahali pake." Kisha akatoka nje na ile sauti yake ya kuita wavuvi. "We Leonardi! Kata hiyo simu! Sinia lako limepungua mtu, wenzio wanakungoja!"

Banda likalipuka kwa vigelegele. Sahani za Mzee Asumani zikarundikwa, ugali ukapakuliwa juu ya masinia, samaki waliobaki sufuriani wakalazwa wazima wazima. Leonardi akarudi taratibu, akanawa, akapitisha mkono juu ya kopo, na kopo likalia.

Bi Mwasiti akamkabili Mwalimu Erasto. "Mwalimu, nilikuwa nakudanganyeni. Sahani ni za arusi, nimekodi. Wanangu wanakula hivi. Mkinitaka, nitakeni hivi hivi. Msiponitaka, nitakunja virago bila kinyongo. Lakini msitoke kwangu na njaa, kanaweni."

Wale wawili wengine wa kamati wakatazamana. Mwalimu Erasto akavua koti, akalitundika kwenye msumari. Akaenda kwenye ndoo, akanawa mpaka kwenye viwiko. Macho yake yakatua kwenye kopo.

"Hapa ndipo wanapolipa?"

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Alicho nacho mtu."

"Na utajuaje nani amelipa?"

"Sijui, Mwalimu. Wala sitaki kujua."

Mwalimu Erasto akaliinua kopo, akashika kifuniko. "Basi tufungue tuone. Chuo kitaniuliza."

 Leonardi alikuwa ameshika tonge, halikwenda mdomoni. 

Bi Mwasiti akaweka kiganja chake juu ya kifuniko. Kiganja kipana, chenye makovu ya mafuta ya moto. "Samahani sana, kaka yangu. Jiko mnaweza kuninyima, ni lenu. Lakini hili ni langu, na halifunguliwi mbele ya watoto."

Walisimama hivyo, mikono yao miwili juu ya kopo la maziwa, na kila aliyekuwepo alijua kwamba mama huyu amelitupa jiko lake kwa mkono wake mwenyewe. Yeye pia alijua. Lakini mkono hakuutoa.

Mwalimu Erasto akamtazama machoni. Halafu akaliachia kopo, akatia mkono mfukoni, akatumbukiza chake. Akaenda kukaa kwenye sinia la karibu na mlango, kati ya Yusta na Leonardi.

"Mwalimu," Yusta akamwambia kwa adabu, akizuia kicheko, "leo wewe ndiye mkubwa wa sinia. Sisi tunangoja."

Watu wa Bangwe ni wavuvi, huwafundishi samaki. Mwalimu Erasto alimpasua mgebuka mgongoni kwa kidole gumba, akautoa mwiba wote mzima kama mtu anayevuta uzi, akagawa minofu kuzunguka sinia asimsahau mtu. Kipande kinono kuliko vyote kikaangukia mbele ya Leonardi. Yeye akabaki na kichwa, akakifyonza kwa kelele, mawese yakimtiririka mpaka kwenye saa yake. Wenzake wawili walipoona hivyo, nao wakavua viatu vya heshima zao wakakaa.

Juma lililofuata Mwalimu Erasto alikuja mwenyewe bandani. "Kamati imebishana sana, Bi Mwasiti. Wanataka maji ya bomba na sabuni kwa kila anayenawa, hilo huna ujanja nalo. Mengine nimeyasimamia mimi. Jiko ni lako, na masinia yako."

Siku ya kuhama hakubeba hata kijiko. Wanafunzi walipanga mstari kutoka barabarani mpaka ndani ya geti, sufuria vichwani, masinia yakipigwa kama matari, na Jeremia mwenyewe alisimamisha kikaango chake akapiga makofi, tumpe haki yake. Bi Mwasiti alitembea mbele na kanga mpya, kopo kifuani, hatazami kushoto wala kulia. Ukitaka kujua mtu anayejivuna anatembeaje, ungemwona siku ile.

Ndani, Mwalimu Erasto alimpokea kopo. Lilikuwa bado tupu, mapema, hakuna aliyenawa. Lakini alipolitikisa kidogo, likalia. Akasita. Akamtazama Bi Mwasiti, na Bi Mwasiti akawa na shughuli kubwa ya ghafla na sufuria.  Badala ya kuliweka juu ya meza ya mbele, Mwalimu akalipeleka nyuma ya nguzo ya mlango, mahali ambapo mtu akipitisha mkono, aliye nyuma yake anasikia tu, haoni.

Wa kwanza kunawa alikuwa Leonardi, shati lilelile la bluu, pini ileile. Akapita nyuma ya nguzo. Bi Mwasiti alikuwa amewapa mgongo kama kawaida yake, anasonga ugali, masikio yamesimama. Akangoja mlio.

Kopo halikulia.

Mwiko ukamsimama mkononi. Ndipo akakumbuka kwamba boom limetoka asubuhi ile, na kwamba noti haina sauti. Leonardi angeweza kuligonga kopo ili wenzake wasikie, lakini hakuligonga. Alipita kimya, akaenda kukaa kwenye sinia lake, akasema, "Karibuni, jamani."

Bi Mwasiti akaendelea kusonga ugali. Wanafunzi wanasema siku ile alisonga akiimba.