Mkono Unaoshika Tu

Mimi sisamehi haraka, na shemeji yangu sikuwa na mpango wa kumsamehe kabisa.

Miaka kumi na tisa nimepima sinki katika kiwanda kile cha kauri. Sinki ikishatoka kwenye tanuru na kupoa, naiegemeza ukingo mmoja mezani, mwingine naushika kwa mkono wa kushoto, halafu naigonga kwa kifundo cha kidole cha kulia. Nzima hulia. Yenye ufa wa ndani, ule usioonekana kwa macho, hukohoa.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, ndiye meneja. Alileta mashine ije ijifunze kazi yangu, na mhandisi wake, mama mmoja mpole mwenye miwani, akanivalisha glavu yenye nyaya mkono wa kulia. Nikamnyooshea na wa kushoto.

"Na huu je?"

"Huo unashika tu, shemeji," meneja akadakia. "Usitucheleweshe."

Unashika tu! Mkono huo ndio unaoilegeza sinki, ukaigeuza, ukaibana tena. Sikio likishuku, mkono unageuza. Mkono ukigeuza, sikio linapata jipya, na mimi najua pa kugonga tena. Lakini kama alijifanya anajua, mimi ni nani nimkatize?

Miezi miwili niligonga na glavu yao. Kisha sinki arobaini zikarudi kutoka kwa wateja, zote zimepasuka. Shemeji alikuwa amezitoa kwa haraka zake, bila kuzipitisha mezani kwangu. Kwa mwenye kiwanda akasema masikio yangu yamezeeka, nikafukuzwa. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, akaniambia, "Dada, kubali tu, umri umekwenda." Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa. Jina langu lote lilikuwa kwenye kidole hiki, na sasa hata nyumbani nilikuwa kiziwi. Nikaapa nitalirudisha mbele za watu, na mdogo wangu akiwepo.

Siku ya kuzindua mashine nilialikwa kama ndugu, nikae nyuma nipige makofi. Sinki zilibanwa mezani kwa vyuma, na mkono wa mashine ukazigonga mara tatu tatu, pale pale. Taa ya kijani, watu makofi. Nyingine, kijani. Ya tano haikunipendeza sauti yake, lakini taa ikawaka kijani vilevile.

Nikanyanyuka, nikamgeukia mwenye kiwanda. "Mzee, hiyo ina ufa."

"Shemeji, kaa chini, usijiaibishe," meneja akasema huku anawachekea wageni.

"Mwacheni," akasema mwenye kiwanda.

Nikaifungua ile sinki. Nikailegeza, nikagonga. Nikaigeuza, nikagonga. Mara ya nne ikakohoa. Nikaomba birika la maji yanayochemka, nikamimina hapo hapo. Ikapasuka vipande viwili, na maji yote yakaishia kwenye viatu vya meneja. Sikumwomba radhi.

Mhandisi alikuwa ananitazama mikono. "Wa kushoto," akasema taratibu. "Hatukuuvalisha."

"Niliuliza. Nikaambiwa unashika tu."

Mwenye kiwanda akaniuliza nataka nini ili nirudi. Nikamwambia: glavu mbili, na sinki niletewe na meneja mwenyewe, moja moja. Na kila akitua moja, aseme kwa sauti nani alizitoa zile arobaini bila kupimwa. Mzee akamgeukia shemeji, akamwona anavyomeza mate, akaelewa. Akakubali.

Kesho yake asubuhi shemeji akaanza. "Nilizitoa mimi." Akaenda, akarudi. "Nilizitoa mimi." Tai imepinda, jasho linamchuruzika, wafanyakazi wameacha kazi zao wanamsikiliza. Sinki nyingi zilikuwa nzima. Nilimwambia azirudishe, sijaziridhia, alete nyingine. Sitasema uongo, nilifurahi.

Kwenye ya kumi na nane nikamwona mdogo wangu mlangoni, machozi yanamtoka. "Dada, inatosha. Nimesikia."

"Bado," nikamwambia.

Mhandisi akaniinamia sikioni, akaninong'oneza kwa aibu kwamba glavu hazijawashwa tangu asubuhi.

"Najua," nikamwambia. "Usiziwashe kwanza."