Waliosimama Badala ya Fito

Jumanne baada ya chai, mzee aling'oa fito hamsini na nne kwenye bustani ya nyuma ya nyumba yake, akaziegemeza ukutani kwa kufuata urefu. Bwana shamba alimsimamia akiwa na karatasi ya amri mkononi. Kila fito ilipotoka, maharage yaliyokuwa yameikumbatia yalilala chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Kosa lilikuwa la mzee mwenyewe. Marehemu mkewe alimwachia aina tisa za maharage yanayopanda miti, kila aina na chupa yake. Mzee alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, na mwandiko wake aliuonea fahari. Alizipeleka chupa zote ofisini kwa bwana shamba zikaandikishwe, akajaza fomu kwa wino mweusi bila kufuta hata neno moja: Macho ya Kware, Chelewa, Shemeji Njoo, hadi ya tisa. Jibu lilisema mbegu ya kusajiliwa sharti ifanane punje kwa punje, na zake hazikufanana hata ndani ya chupa moja. Chupa zilibaki ofisini. Fito zikapigwa marufuku, kwa kuwa maharage yaliyoruhusiwa yalikuwa mafupi, kimo cha goti, wala hayakuhitaji kushikiliwa.

Kwa hiyo mbegu pekee aliyobaki nayo ilikuwa ile iliyokwisha kuota, na kama ingelala chini, maganda yangeoza kabla ya kukauka.

Alhamisi mkwewe, mke wa mwanawe, alisimama bustanini kumpa habari za mkutano wa wazazi. Alipomaliza, Macho ya Kware yalikuwa yamemfika kiunoni.

"Baba," alisema akijitazama, "naona nimepata kazi."

Ndivyo walivyoanza. Mkwe alibaki pale pale. Mumewe, dereva wa lori, aliomba likizo, akasimama katikati ya tuta la pili. Dada wa marehemu mkewe, mwanamke wa miaka sabini na moja mwenye ulimi wa wembe, alichagua Shemeji Njoo, akisema ameitwa hivyo miaka arobaini na leo ndiyo mara ya kwanza kuna faida. Mzee alijaribu kubeba aina mbili, kila mguu na yake. Zilikutana kifuani zikakabana koo, moja ikanyauka, akabaki na Chelewa. Watu wanne, aina nne. Nyingine zikaoza mbele ya macho yake, naye aliziaga kwa majina.

Walisinzia wima. Jirani, mshona viatu, aliwalisha uji kwa kijiko, akianza na shemeji kwa sababu ndiye aliyelalamika zaidi.

Wiki ya tano bwana shamba alikuja, akawazunguka, akaandika kwamba hakuna fito. Mzee aliulizia chupa zake. Aliambiwa bado zinachunguzwa, kisha akaombwa ainue mkono kidogo ili ikaguliwe kama nyuma yake kuna kijiti.

Wiki ya nane, saa nne asubuhi, shemeji alifariki. Dereva alitaka akatwe maharage, ashushwe, azikwe kama watu. Mzee alinyoosha mkono, akapapasa maganda matatu ya chini kwenye tuta la shemeji, yale ya mbegu ambayo mkewe hakuruhusu kamwe yapikwe. Yalikuwa mabichi. Yeye ni mtu aliyejisifu kwamba hajawahi kumwomba mtu kitu.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "zimebaki siku kumi na moja tu."

"Kwani nina haraka ya kwenda wapi?" marehemu alijibu. "Ila mwambie huyo fundi viatu asianze kuniruka na kijiko."

Siku ya kumi na mbili walivuna asubuhi, wakamzika mchana. Shemeji Njoo zilijaa viganja viwili.

Baadaye ilikuja barua: mbegu za chupa tisa zimeliwa na wadudu ghalani, faili limefungwa, amri ya fito inaendelea. Mzee aliisoma mara mbili, akasahihisha makosa mawili ya tahajia kwa wino mwekundu, akairudisha. Hakujibiwa.

Msimu uliofuata alipanda aina zote nne, maana mbegu ikikaa chupani mno hufa. Wa kusimama walikuwa watatu. Mshona viatu aliombwa, akasema akisimama yeye, nani atawalisha?

Wiki ya tatu Shemeji Njoo ilitambaa kutoka tuta lake lisilo na mtu, ncha yake ikipapasa hewani, hadi ikamgusa mzee kidole gumba cha mguu. Ikaanza kujizungusha. Mzee aliinama kadiri Chelewa ilivyomruhusu, akaishika kwa vidole viwili, akaigeuzia kwenye udongo.

Ilirudi. Akaigeuza tena.