Masinki ya Dirishani

Ungemwona Bi Mkasi akiingia ofisi ya viza asubuhi ile, ungedhani amekuja kukagua wafanyakazi. Kilemba kimekaa sawasawa, bahasha kwapani, kidevu juu. Wenzake kwenye mabenchi walikuwa wakinong'ona kama watu walio wodini. Yeye alimsalimia mlinzi, akamuuliza habari za watoto, akaenda kuketi mbele kabisa.

Na alikuwa na haki ya kujidai. Alikuwa amesuka na kuosha vichwa vya watu tangu ujana, na sasa nusu ya saluni moja huko ng'ambo ilikuwa mali yake halali, imelipiwa na kusajiliwa. Kilichobaki ni viza ya mwekezaji tu, aende akaiendeshe. Saluni ya huku alishaiuza. Wakimnyima, arudi kusukia watu barazani kwao, na magoti yenyewe yameshachoka.

Tatizo lilikuwa moja. Mwenye nusu ya pili, fundi bomba wa huko huko ng'ambo, alikuwa mtalaka wake.

Afisa aliyemwita alikuwa kijana mwenye tai iliyombana shingo. Alipekua karatasi, akainua macho.

"Mama, huyu mbia wako mliwahi kuoana?"

"Tulioana, tukaachana. Kuna ubaya?"

"Ubaya hakuna. Ila kuna watu wanatumia biashara kama mlango wa nyuma. Mtu anamfuata mume, anatuambia anafuata saluni."

"Mwanangu, mimi nimfuate yule? Mizigo yake nilimfungia mwenyewe! Fundi bomba mzima, bomba la jikoni kwangu limevuja mpaka siku ya talaka!"

Afisa hakucheka. Alivuta simu ya mezani, akapiga namba ya mbia, akaweka spika. "Zungumzeni habari za biashara. Mimi nasikiliza."

Sasa ajabu ya Mungu, Bi Mkasi ambaye hajawahi kukosa neno, alianza kubabaika.

"Haloo... ni mimi," alisema, na sauti ikatetemeka mpaka mwenyewe akaisikia. Akaikodolea macho bahasha yake. Saluni ilikuwa inamponyoka hivi hivi anaona.

Upande wa pili fundi bomba akasema, kwa ile ile sauti ya ubishi iliyomtoa nyumbani enzi zile, "Afadhali umepiga. Masinki ya kuoshea nywele nayaweka kule nyuma. Nimeshaamua."

"Umeamua na nani?"

"Mabomba yako nyuma. Kuyaleta dirishani ni kuvunja sakafu nzima."

"Si uvunje! Nani atakubali kuoshwa kichwa gizani kama mwizi? Na rangi ya nywele nitaionaje bila mwanga?"

"Sakafu mpya hii."

"Mpya ya nani? Nusu yake ni yangu. Vunja nusu yangu!"

Wakatoka kwenye masinki wakaingia kwenye viti, taulo, saa za kufungua na nani aajiriwe kwanza. Hakuna alilosema yule bwana likapita. Bi Mkasi alishasahau kama kuna afisa duniani, mpaka kijana alipokata simu huku akijifuta machozi ya kicheko.

"Mama, hapa nimeona biashara, mapenzi sijayaona. Viza umepata. Pasipoti utaifuata wiki ijayo."

Hajafika hata getini, simu yake ikalia kwa ujumbe. Ilikuwa picha: sakafu yenye mstari wa saruji iliyokwisha kauka, kutoka ukuta wa nyuma hadi mbele, na masinki matatu meupe chini ya dirisha, jua tele.

Alipiga hapo hapo. "Kumbe ulishayaweka! Sasa ulikuwa unanibishia nini?"

"Sauti yako ilikuwa inatetemeka. Nakujua mimi. Ukikasirika humwogopi mtu."

Bi Mkasi alisimama katikati ya njia, watu wakawa wanampita huku na huku. Machozi yalimlenga, na hakuona haya.

"Ahsante," alisema. Halafu akakiweka sawa kilemba chake. "Lakini usijidanganye. Nyumba nitapanga yangu."

"Najua. Nimeshakutafutia," fundi bomba alisema. "Bomba la jikoni halivuji. Nimelikaza mwenyewe."